Kilo 96 zilizobaki: kisa cha mtunza ghala wa kakao aliyeachiwa huru Kyela

Mtunza ghala wa chama kimoja cha msingi cha ushirika wilayani Kyela alishtakiwa kwa wizi akiwa mtumishi. Kakao kavu kilo 412 hazikuonekana. Kesi ilivuka mwaka, mashahidi wanne wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, wakapanda kizimbani, naye akajitetea, na mwisho Mahakama ya Wilaya ikasema hana hatia, ikamwachia huru. Kabla jua halijazama, kata nzima ilikuwa imekwisha kutoa hukumu zake. Ndugu zake walisema mahakama imemsafisha. Wanachama wengi walisema ameponea kwenye vipengele vya sheria. Na vijana wa kijiwe cha bodaboda, ambao hawajawahi kukosa jibu, walisema wakubwa wameelewana.

Wote walikosea, ingawa si kwa kiasi kimoja. Kisa chenyewe nimekisuka mimi, hakuna chama wala mtu ninayemsema kwa mafumbo. Sheria, mwenendo wa mahakama na hesabu za kakao ni vya kweli, na kila aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, atavitambua.

Kufuli moja, funguo tatu

Mwaka 2024 bei ya kakao kwenye soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, kiwango kisichowahi kufikiwa kabla, kwa kuwa mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalianguka. Kyela ikaonja. Zao ambalo wazee walilichuma bila haraka likawa la kupaua nyumba na kupeleka mtoto chuo. Katika hali hiyo kilo 400 si jambo la kusema yaishe.

Kakao hii huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake, unapimwa, anaandikiwa, mzigo unasafirishwa hadi ghala kuu, unapigwa mnada, kisha fedha zinarudi. Kati ya siku ya mizani na siku ya malipo mali bado ni ya mkulima, ila iko mikononi mwa watu wengine. Ndiyo maana upungufu wa ghalani unauma kuliko ule wa shambani.

Ilikuwa masika. Kyela ikinyesha inanyesha kweli, na jua likionekana kwa muda wa saa mbili watu wanashukuru. Wakulima walileta kakao iliyochachushwa vizuri lakini haijakauka sawasawa, na chama hakikuwa na kipima unyevu. Mtunza ghala aliipokea, akaiandika kwenye daftari, kisha kila jua lilipochomoza aliianika tena kwenye maturubai mbele ya ghala. Daftari lilisomeka kilo 9,800. Ghala kuu mizani ikasoma 9,388.

Mlango wa ghala ulikuwa na kufuli moja, na funguo zake zilikuwa tatu: mmoja wa mwenyekiti, mmoja wa katibu, mmoja wa mtunza ghala. Tofauti yake na kufuli tatu zenye funguo tofauti ni kubwa sana. Kufuli tatu hulazimisha watu watatu wawepo pamoja. Kufuli moja yenye funguo tatu humruhusu yeyote kati yao aingie peke yake usiku.

Mwenyekiti alikwenda polisi. Mtunza ghala akakamatwa. Shemeji yake alifika kituoni akiwa na hofu ya mtu asiyezoea vituo, akasema, "Afande, tunaomba mumwachie baba wa watu, hizo kilo tutalipa kama ukoo." Maneno hayo yaliandikwa, na yatarudi. Wiki hiyohiyo bodi ikamwandikia mtunza ghala barua ya kumfukuza kazi.

Kilichotokea mahakamani

Jamhuri ilileta mwenyekiti, katibu, afisa ushirika aliyefanya hesabu, na askari mpelelezi. Walipomaliza, hakimu aliona mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Hapo pana jambo ambalo watu wengi hulipokea vibaya. Siku ile habari zilizorudi kijijini zilikuwa "ameonekana ana kesi", na wengine wakaanza kumhesabia miaka. Kumbe uamuzi ule ni wa hatua ya katikati. Hakimu anajiuliza kama ushahidi wa upande mmoja, ukiachwa bila kujibiwa, unaweza kumtia mtu hatiani. Kama hauwezi, mshtakiwa anaachiwa huru papo hapo bila kufungua mdomo. Kama unaweza, anaambiwa ajitetee. Mizani ya mwisho inakuwa haijashikwa bado.

Utetezi ulikuwa mfupi. Mtunza ghala alieleza habari ya unyevu na maturubai. Alieleza funguo. Alipoulizwa kuhusu ahadi ya shemeji, alijibu kwamba yeye alikuwa mahabusu, hakumtuma mtu, na kwamba kwao ndugu akishikwa ukoo hutafuta namna ya kumtoa kwanza, maswali yanafuata nyumbani.

Hakimu alikubaliana naye kwamba ahadi ya ndugu kulipa haikuwa kukiri wizi. Mtu anaweza kulipa kwa woga, kwa aibu, au kwa kutaka tu kulala nyumbani. Kukiri kosa ni kukubali kwamba ulichukua mali, kwa nia ya kuiba. Shemeji hakukubali hilo, na hata angekubali, si yeye aliyeshtakiwa.

Kisha daftari. Mwendesha mashtaka alilitoa kama kielelezo, upande wa pili haukupinga, likapokelewa, likawekwa kwenye jalada. Hakuna aliyelisoma kwa sauti. Tangu mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeweka mpangilio unaofuatwa hadi leo: nyaraka kwanza ipitishwe kama inafaa kupokelewa, kisha ipokelewe, kisha ndipo isomwe mahakamani. Isiposomwa inaondolewa kwenye ushahidi. Hakimu, alipokaa kuandika hukumu, aliliweka daftari pembeni kwa sababu hiyo.

Hapa ndipo lilipozaliwa lile neno la "ameponea kwenye vipengele".

Wanaolisema wana uchungu halali, nami siwacheki. Mkulima aliyepoteza mzigo anaona daftari lile kama ushahidi wa wazi, halafu anasikia limeachwa kwa kuwa hakuna aliyelisoma, kana kwamba mahakama imecheza. Lakini hebu jiweke kizimbani. Mtu anatoa daftari la kurasa mia, anasema "hili hapa", linawekwa mezani. Hujui ni ukurasa gani unaokushtaki, ni tarehe ipi, ni saini ya nani. Utamuuliza shahidi swali gani? Kusoma kwa sauti kunampa mshtakiwa, mara nyingi asiye na wakili, nafasi ya kusikia kile hasa anachotakiwa kukijibu. Hizo ni dakika kumi za mwendesha mashtaka. Kama hazikutumika, lawama haimwendei mshtakiwa.

Zaidi ya hapo, na hili ndilo wenye uchungu hawalitazami, daftari lingesomwa neno kwa neno kesi bado ingeanguka. Daftari lilikuwa linathibitisha kilichoingia. Halikuweza kusema nani alikitoa.

Hesabu ya maji

Tufanye hesabu ambayo mahakamani iligusiwa tu. Kakao inayokubalika sokoni inatakiwa iwe na unyevu wa asilimia 7 hivi. Tuseme iliyopokelewa masika ile ilikuwa na asilimia 10, kiwango ambacho kwa mkono na macho si rahisi kukitofautisha na iliyokauka. Katika kilo 9,800 zenye unyevu wa asilimia 10, kitu kikavu ni kilo 8,820. Kilo 8,820 hizo zikikaushwa hadi ziwe na unyevu wa asilimia 7, mzigo wote utakuwa na uzito wa kilo 9,484 hivi. Kilo 316 zimepaa na jua. Hakuna aliyeziiba.

Kutoka 412 ukitoa 316 zinabaki 96. Ni gunia moja na nusu.

Kilo 96 hizi ndizo zilizokuwa gumzo kwenye mkutano mkuu wa wanachama uliofuata hukumu. Mama mmoja wa makamo alisimama akasema: "Ndugu mwenyekiti, mimi sibishani na mahakama. Maji tumeelewa. Lakini hizo nyingine zimekwenda wapi, na kama siye huyu baba, ni nani?" Ukumbi ulipiga makofi. Ni swali zuri kabisa, na wajumbe walitazamana wakidhani hukumu ina jibu lake. Haina.

Kwenye kesi ya jinai mahakama hukabidhiwa swali moja dogo: je, Jamhuri imethibitisha, pasipo kuacha shaka la msingi, kwamba mtu huyu, katika kipindi hiki, aliiba mali hii? Kuthibitisha ni kazi ya Jamhuri tangu mwanzo hadi mwisho. Mshtakiwa hadaiwi kueleza kila kilo. Akionyesha kwamba kuna maelezo mengine yanayoweza kuwa ya kweli, inatosha, hata kama maelezo hayo hayajazi pengo lote. Kwa kilo 96 palikuwa na mlango ambao watu watatu waliweza kuufungua kila mmoja peke yake. Palikuwa na unyevu ambao haukupimwa: ukiwa asilimia 11 badala ya 10, hata hizo 96 zinamezwa, na kilo kumi za ziada. Palikuwa na mizani mbili za sehemu mbili tofauti. Hakimu mwenye mashaka hayo matatu akimfunga mtu, anamfunga kwa kuwa alikuwa karibu na ghala.

Ndugu zake nao wanapokwenda mbali ni hapa. Walizunguka wakisema mahakama imethibitisha kwamba hakuna kilichoibwa. Haikuthibitisha hivyo. Inawezekana kabisa gunia moja na nusu liliibwa, na mwizi alikuwa amekaa ukumbini akipiga makofi na wenzake.

Je, basi bado ni "labda"?

Kuna msomaji atakayesema: kwa hiyo kuachiwa huru ni kubaki katikati, mtu si mwizi wala si msafi. Msimamo huo una wafuasi wengi, nami naukataa, na kwa Tanzania sheria yenyewe inaukataa.

Katiba ya 1977, ibara ya 13(6)(b), inamkataza yeyote kumtendea mshtakiwa kama mtu mwenye kosa hadi itakapothibitika kuwa ana hatia. Hiyo ni kabla ya hukumu. Baada ya hukumu, Sheria ya Ushahidi ina kifungu ambacho hakisikiki sana vijiweni: hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufaa ukishapita au rufaa ikishaamuliwa, inachukuliwa kuwa ushahidi usiopingika kwamba aliyetiwa hatiani alikuwa na hatia, na aliyeachiwa hakuwa na hatia ya kosa lile. Yaani sheria haimwachi mtunza ghala wetu aning'inie. Kwa kosa la kuiba kilo 412 katika kipindi kilichotajwa kwenye hati ya mashtaka, yeye hana hatia, nukta. Anayesimama jukwaani na kumwita mwizi wa kakao ile anaweza kushtakiwa kwa kashfa, na "lakini sisi tunajua" haitamsaidia.

Watu hupenda kutolea mfano Marekani. O. J. Simpson aliachiwa huru kwenye kesi ya mauaji tarehe 3 Oktoba 1995, kisha mwaka 1997 baraza la wazee wa mahakama kwenye kesi ya madai likamwona anawajibika kwa vifo vilevile, akatakiwa kulipa dola milioni 33.5. Inawezekana kule, kwa kuwa kesi ya madai inahitaji tu uzito wa ushahidi uelemee upande mmoja. Kwetu viwango viwili hivyo vipo pia. Ila chama kikimfungulia mtunza ghala kesi ya madai kwa hoja kwamba aliiba, kitajikwaa kwenye kifungu hicho cha Sheria ya Ushahidi. Hoja nyingine, kama ya uzembe au ya kuvunja mkataba wa kazi, zinabaki wazi, kwa sababu hakuna aliyemshtaki kwa hizo na hakuna mahakama iliyozijibu.

Mpaka hapo nimesema "muda wa rufaa ukishapita". Mkurugenzi wa Mashtaka ana haki ya kukata rufaa dhidi ya hukumu ya kuachiwa huru: taarifa ya kusudio ndani ya siku 30, na sababu za rufaa ndani ya siku 45. Kwa kesi ya Kyela ingekwenda Mahakama Kuu, Mbeya. Chama chenyewe hakiwezi kukata rufaa hata kikitaka, kwa kuwa kesi ilikuwa ya Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, na chama kilikuwa mlalamikaji na shahidi. Mwenyekiti alishangaa sana kuambiwa hivyo. Alidhani kesi ni yao.

Siku zikipita bila rufaa, hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilohilo. Hata kama mwaka kesho atapatikana mtu wa kusema alimwona.

Hili lisichanganywe na lile tunaloliona kwenye viwanja vya mahakama, mtu anaambiwa "nenda", anatoka mlangoni, anakamatwa tena kabla hajafika kwenye bajaji. Huyo hajashinda kesi. Upande wa mashtaka umeondoa shauri kabla hajaitwa kujitetea, naye ameachiwa tu. Mashtaka yanaweza kurudi. Shauri likiondolewa baada ya kuitwa kujitetea, hapo kuachiwa ni kwa kudumu. Ndugu wakimpokea mtu wao kwa vigelegele, waulize kwanza karani ni lipi kati ya hayo mawili. Mtunza ghala wetu alisomewa hukumu kamili, hivyo hana wasiwasi wa mlangoni.

Kazi, fedha, jina

Kuhusu kazi, bodi ilikosea mapema, na ilikosea vibaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamzuia mwajiri kumpa mtumishi adhabu ya kinidhamu, au kumfukuza, kwa jambo lilelile aliloshtakiwa nalo mahakamani, hadi shauri na rufaa yake viishe. Wangeweza kumsimamisha. Wao walimfukuza wiki aliyokamatwa.

Lakini naye alifanya kile ambacho karibu kila mtu angefanya: alingoja hukumu. Alisema moyoni, nikishinda watanirudisha. Hukumu ya jinai haimrudishi mtu kazini. Aliyefukuzwa isivyo halali ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo zinahesabiwa tangu kufukuzwa, hazisubiri kesi ya jinai. Zake zilikwisha akiwa bado anatafuta wadhamini. Njia iliyobaki ni kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu, na Tume inaweza kukubali au kukataa.

Kanisani alikuwa amesimamishwa kuongoza kwaya. Mchungaji alimrudisha Jumapili ya kwanza baada ya hukumu, bila hotuba. Sina la kuongeza.

Je, amshtaki mwenyekiti? Ndugu zake walikuwa tayari wamechanga nauli ya kwenda Mbeya mjini kumwona wakili. Madai ya kushtakiwa kwa hila yanahitaji mambo matano, ambayo Mahakama Kuu iliyaorodhesha mwaka 1983 na yanaendelea kutumika: kwamba mdaiwa ndiye aliyesababisha mashtaka, kwamba mashtaka yaliisha kwa faida ya mdai, kwamba hapakuwa na sababu ya msingi ya kushtaki, kwamba kulikuwa na nia ovu, na kwamba mdai alipata madhara. Muda wake ni miaka mitatu. Ushindi wa mtunza ghala unampa moja kati ya hayo matano, lile la pili. Hasara alizopata ni dhahiri, na aliyekwenda polisi anajulikana. Mawili yaliyobaki ndiyo magumu. Kilo 412 zimekosekana, mtu aliyezipokea ni mmoja: mwenyekiti yeyote angekwenda polisi, na angelaumiwa asingekwenda. Kuachiwa huru kwa mmoja hakumfanyi mwingine kuwa mwongo.

Kuna kitu kimoja tu kinachonifanya nisifunge mlango. Kwenye maelezo yake ya polisi mwenyekiti hakusema kwamba naye ana ufunguo. Lilijitokeza mahakamani alipoulizwa maswali ya dodoso, yale ya upande wa pili. Kama alisahau, ni uzembe. Kama alificha ili macho yote yaelekee kwa mmoja, hapo wakili ana pa kuanzia. Kwa mawazo yangu hilo peke yake ni jembamba mno kubeba kesi, na fedha ya wakili ingefaa zaidi kule Tume. Hakuna fidia inayokuja yenyewe kwa sababu tu mtu alikaa mahabusu na kisha akashinda, jambo ambalo naliona kuwa ni kasoro ya mfumo wetu, lakini ndivyo lilivyo.

Basi zile kilo 96. Swali la mama yule lilikuwa la ushirika tangu mwanzo, na kosa kubwa la chama lilikuwa kulipeleka lote polisi na kukaa kungoja. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, Mrajis, yaani msajili na msimamizi wa vyama hivyo, ana mamlaka ya kuchunguza na kumtoza kiongozi au mtumishi aliyekisababishia chama hasara. Uchunguzi wa namna hiyo hauulizi nani mwizi. Unauliza nani alikuwa na wajibu wa kutunza, na kama aliutimiza. Kwa swali hilo watu watatu wana la kujibu, kwa kuwa watatu walikubali kushika funguo za kufuli moja na hakuna aliyesaini popote siku aliyoingia ghalani.

Mkutano haukungoja Mrajis. Baada ya mabishano marefu, na mzee mmoja kukumbusha kwamba mvua inakuja na wengine wana safari hadi Ipinda, wanachama walikubaliana kwamba thamani ya kilo 96 igawanywe kwa wenye funguo watatu, kilo 32 kila mmoja, chama kinunue kipima unyevu, na mlango uwekwe kufuli tatu. Mtunza ghala aliomba kusema.

"Ndugu wajumbe, mimi kulipa silipi kama mwizi. Mahakama imeshasema. Nikilipa leo bila maandishi, kesho mtasema nilirudisha."

Alikuwa sahihi kabisa, na nafurahi kwamba safari hii hakumwachia shemeji amsemee. Katibu, ambaye naye alikuwa anakatwa kilo 32 na hivyo alikuwa mwangalifu sana wa kalamu, aliandika kwenye muhtasari kwamba malipo ni ya uwajibikaji wa pamoja katika usimamizi wa ghala, kwamba hayamaanishi yeyote kati ya watatu amekiri kuchukua mali ya chama, na kwamba hukumu ya mahakama kuhusu mtunza ghala inaheshimiwa. Muhtasari ulisomwa kwa sauti ukumbini. Mwenyekiti alilipa wa kwanza.

Mtunza ghala alisaini, ila akataka sehemu yake ikatwe kwenye mshahara wa mwezi wa mwisho ambao chama hakijamlipa. Nakala ya muhtasari aliichukua, akaiweka pamoja na nakala ya hukumu yenye mhuri na ile barua ya kufukuzwa. Ombi la kuongezewa muda alilipeleka Tume wiki iliyofuata.